Waya wa Kijani

Fundi Gerson hakuwa mtu wa kusema kazi imemshinda, na hapo ndipo balaa lake lilipoanzia. Ritha, mtumishi wa serikali mwenye nyumba mpya Msalato, alipomkabidhi swichi sita za kuwashia taa kwa simu, alizipokea akitabasamu. Kufungua ukuta, akakuta nyaya mbili tu: unaoleta umeme na unaokwenda kwenye taa. Swichi zile zilitaka na nyutro, waya wa kurudishia umeme, nayo nyutro iliishia juu darini. Mwenye akili angesema. Gerson akachukua waya wa kijani, ule wa ethi unaounganisha vyombo vya chuma na ardhi, akaufanya nyutro. Breka ya usalama ikawa inajikata kila mara, akaiondoa. Taa zikawaka, akasifiwa, akanywa soda.

Wiki ya tatu Ritha akampigia kutoka ofisini. Mama yake, Paskazia, alikuwa peke yake nyumbani na alilalamika friji inampiga shoti. Je, Gerson alimjua fundi friji mzuri?

Njia ya kukwepea ilikuwa nyeupe. Lakini Gerson alijua mvua haijanyesha tangu Aprili, udongo umekauka kabisa, na umeme uliokosa pa kwenda umerudi kwenye kila chuma cha nyumba ile. Aliona aibu.

"Mama anafanya nini sasa hivi?"

"Anadeki."

Anadeki, tena pekupeku, maana ndani hakuvaa viatu kamwe.

"Si friji, dada. Ni mimi, nilifunga vibaya. Mwambie atoke nje, asiguse chuma chochote."

Ritha akampigia mama yake, simu haikupokelewa. Gerson, aliyekuwa na kazi mtaa wa pili, alishatimua mbio. Akazima mein swichi ya nyumba nzima ukutani nje, ndipo akabisha hodi. Akabisha tena. Paskazia akatokea na tambara mkononi, akauliza fundi anakimbizwa na nani.

Gerson akasahau hata shikamoo. Alikaa chini, akampigia Ritha kumwambia mama ni mzima. Ritha alilia kidogo, kisha akauliza:

"Nyumba ngapi nyingine umefunga hivi?"

Alitamani sana kusema hakuna.

"Nne," alisema, akakata simu, akaanza kutafuta namba ya ile yenye watoto.