Video ya Mazishi ya Titus

Tryphena alifika ukumbini Voi saa nane kasoro, amevaa kitenge cha kanisani, akakaa kiti cha mbele kabisa. Hakuja kuburudika. Alikuja kuchukua video ya mazishi ya mumewe. Bintiye Wakesho, anayefanya kazi za nyumba Riyadh, alinyimwa na mwajiri ruhusa ya kuja kumzika babake, na mwaka mzima amekuwa akiuliza jambo moja tu: "Mama, video iko wapi?"

Kosa lilikuwa la Tryphena mwenyewe, na analijua. Ndovu alipomuua Titus shambani kule Mbololo, alimwita Derrick, mpiga video wa matanga, ambaye hajawahi kumkosa marehemu wala mkwe hata mmoja. Asubuhi ya mazishi akatokea Muinde, mtengeneza filamu wa Nairobi. Alitaka kuionyesha dunia dhuluma wanayotendewa wakulima wanaopakana na mbuga. Kamera yake ilikuwa kubwa kama mzinga wa nyuki, tena hadai chochote. Derrick akaambiwa arudi nyumbani. Nani angekataa, jamani?

Taa zikazimwa. Filamu ya Muinde ikaanza na kuku. Kuku akatembea, akasimama, akawaza maisha yake dakika sita nzima, na ni kuku wa Tryphena, yule mwizi wa mahindi. Halafu viatu vya waombolezaji. Halafu ukuta. Siku ile watoto wa marehemu, wakwe na kina mama wa chama waliitwa mmoja mmoja wapigwe picha kando ya jeneza. Kumbe wakati huo Muinde alikuwa akirekodi sufuria. Wageni waliokuja na treni kutoka Nairobi walitikisa vichwa kwa uchungu. Mmoja alilia kabisa, akiililia sufuria.

Tryphena hakupepesa macho. Alingoja kaburi. Skrini ikawa nyeusi, majina yakaanza kupanda, na watu wakasimama kupiga makofi.

Muinde akashika kipaza sauti. Alieleza kwamba filamu imepata tuzo ng'ambo, na kwamba hakuna haki bila kuwapa wanyonge sauti. Mnyonge wa kiti cha mbele akainua mkono.

"Mwanangu, kazi nzuri. Sasa mume wangu yuko wapi?"

"Mama, yuko ndani ya ule ukimya. Kutoonekana kwake ndiko kunakotuuliza..."

"Sitaki ukimya. Nataka pale alipoteremshwa. Nikatie kipande hicho tu nimtumie msichana wangu. Hakumzika babake."

Muinde sasa akaongea kama mtu wa kawaida.

"Nisamehe, mama. Pale kaburini nilizima kamera. Niliona ni heshima."

Ukumbi mzima ukaguna kwa kupendezwa, ukapiga makofi kupita mwanzo. Tryphena alitoka nje kwa hasira.

Alikuwa hajafika hata barabarani simu ikalia. Ni Wakesho, ameiba dakika chache jikoni.

"Mama, umeiona? Baba ametokea?"

Tryphena alimsikia mtoto anavyohema.

"Ametokea, mwanangu. Amevaa ile suti ya bluu. Na watu walijaa mpaka kwa jirani."

Wakesho akalia kidogo, kilio cha mtu aliyetua mzigo.

"Asante Mungu. Basi nitumie sasa hivi, mama, kabla hawajanipokonya simu."