Meno ya Chapo

Mkwe wangu Janice aliponiambia mbwa atapelekwa Kinoo, alikuwa ameinama mlangoni anavaa viatu, kwa hiyo hakuniangalia.

"Mum, Jumapili fellowship inakuja hapa. Chapo akiuma mtu tena, Wainaina anakuja kumchukua. Tumeongea na Kiarie."

Mwanangu Kiarie alikuwa ameshafika kwenye lifti, ameuzuia mlango wake kwa mguu. "Si tulikubaliana, Mami?" akasema.

Sikukumbuka kukubaliana na mtu. Lifti ikafunga mdomo, ikawameza, wakaenda zao kazini Upper Hill.

Wainaina ni mtoto wa shemeji yangu. Anauza mabati na simiti pale Kinoo, na mbwa wake hushinda kwenye mnyororo nyuma ya duka ili giza likiingia wawe wakali. Siwezi kumlaumu. Niliishi Kinoo tangu niolewe, na mbwa wetu tuliwafuga hivyo hivyo. Lakini hao walikuwa mbwa wa boma. Chapo alikuwa akilala juu ya ndara zangu.

Alinunuliwa kwa ajili ya mjukuu wangu Shiko, ambaye ndiye aliyempa jina, maana ni wa rangi ya chapati, na mgongoni ana madoadoa kama ya kuungulia kwenye kikaango. Haukupita muda Shiko akaenda shule ya bweni na sanduku lake, mbwa akabaki. Mimi nami nilikuwa nimeletwa hapa Kileleshwa baada ya nyonga kunisumbua, ati nisikae peke yangu. Ajabu ni kwamba kukaa peke yangu nimekujulia hapa. Kule Kinoo, hata ukiwa jikoni umeinamia moshi, mtu akipita nje atauliza umeamkaje. Hapa ghorofani anayeniamkua ni friji, inapoanza kunguruma.

Basi nilikuwa naongea na Chapo. Napenda sana vitendawili, na zamani tulikuwa tukitegeana na Shiko kila jioni. Sasa nilimtegea mbwa.

"Kitendawili!" namwambia. Anainua sikio moja. Hilo nilihesabu ni "tega".

"Misumari yangu imepigwa bila nyundo."

Yeye hujibu kwa kunitia misumari hiyo kidoleni. "Meno! Umepata, mwizi wewe!"

Tukicheza wawili, nilikuwa nikicheka tu. Shida ni kwamba aliuma kila mtu. Alitafuna pindo la leso yangu, akatafuna chaja ya Kiarie, na fellowship, wale wa kanisa wanaokutana kuomba nyumba kwa nyumba, ilipokuja mara ya kwanza akajificha chini ya meza. Wageni wetu huvua viatu mlangoni. Mzee Zadock, aliyekuwa akituongoza kwa maombi, aliumwa kidole cha mguu ndani ya soksi, akasema "Amina" kwa sauti kubwa kabla maombi hayajafika hata kwa wagonjwa. Soksi ililowa damu. Mimi niliziba mdomo kwa leso nisicheke, lakini Janice aliona haya mpaka akakosa pa kuweka uso.

Sasa Jumapili ilikuwa inakuja, na mimi mbwa nilimjua wa kubweka tu, si wa kukaa na watu. Nikafanya kile nilichojua. Watoto wangu wote niliwaachisha ziwa kwa shubiri. Unapaka kidogo, mtoto anaonja, anakunja uso, basi, ziwa limeisha. Nikateremka polepole mpaka kwenye maua ya getini, nikavunja jani moja la shubiri.

Askari wetu, Shem, ambaye huniita shosho, yaani bibi, aliniona. "Shosho, hiyo utapika?"

"Namwachisha mtoto ziwa."

"Wewe? Kwa hiyo umri?"

"Potelea huko, Shem! Ni wa mbwa."

"Mbwa unanyonyesha?" Alicheka mpaka akashikilia geti. Nami nikacheka. Nilirudi juu kwa lifti nikiwa bado natabasamu, maana kwa siku nzima hayo ndiyo yaliyokuwa maongezi yangu.

Nikajipaka vidoleni na viganjani. Chapo akalamba, akapiga chafya, akanitazama kama mtu aliyetukanwa, halafu akaniuma kwenye kiwiko, mahali ambapo sikuwa nimepaka. Nikaona nitajipaka mwili mzima kama mafuta. Nikasuuza mikono kwa maji tu na kuingia jikoni kukanda unga.

Jioni Kiarie alikata kipande cha kwanza cha chapati, akatafuna, akasimamisha taya.

"Hii unga ni gani?"

"Mimi usiniulize," Janice akasema. Naye akaonja, akakimbilia sinki.

Nikajinusa mikono. Ikabidi niseme ukweli. Kiarie alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Mami! Umetuachisha chapati!" Kwa muda mrefu sikuwa nimesikia kicheko sebuleni humo, na ningefurahi, ila Janice alikuwa akifuta mdomo huku anamwangalia mbwa.

"Jumapili, Mum," akasema.

Aliyeniokoa ni daktari wa mifugo, msichana mpole anaitwa Selpher, aliyekuja nyumbani kumpa Chapo chanjo. Nilimweleza habari ya shubiri.

"Hapana, shosho, hiyo itamharibu tumbo. Si ujeuri huu, ni meno. Ya utoto yanatoka, makubwa yanasukuma, ufizi unamwasha. Mpe karoti ya friji atafune. Na akikuuma, usimpige. Sema 'ai!' mara moja, simama, toka, funga mlango. Akinyamaza, rudi mcheze."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Mtoto wa mbwa hana adhabu kubwa kuliko kuachwa peke yake. Lakini usirudi akiwa analia. Ukirudi akilia, umemfunza kulia."

Nikamwambia nimeelewa. Kuelewa si kazi.

Alipoondoka, tukacheza. Chapo akauma. "Ai!" nikasema, nikasimama kwa kushikilia meza, nikaingia jikoni, nikafunga mlango. Kwanza kukawa kimya, kama mtu anayefikiria. Halafu akaanza. Si kubweka, ni kile kilio chembamba, cha kuuliza. Akakwaruza mlango kwa kucha. Mimi nilikuwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, na moyo ukaniambia, wewe mama, ni nani anayekulilia wewe mlangoni? Nikafungua na kipande cha nyama mkononi. Akala, akachangamka, akaniuma tena, mkia ukitikisika. Kwake yeye mchezo ulikuwa umeeleweka: uma, lia, upewe nyama.

Ikawa hivyo siku hiyo yote na iliyofuata. Nilikuwa namharibu mwenyewe, najua. Ningekuwa na pengine pa kwenda, pengine ningeweza kumgeuzia mgongo. Lakini mtu huyo mmoja anayekutaka, unamfungiaje mlango?

Halafu nikaiona ile minyororo ya Wainaina. Niliiona kichwani hivyo nimekaa, jua likipiga kwenye kapeti: Chapo kwenye matope nyuma ya rundo la mabati, akilia kile kilio chembamba, na mlango wa kufunguliwa hakuna. Hapo nikasimama.

Aliponiuma tena, niliingia jikoni nikaketi kwenye ndoo yangu. Akalia. Nikajitegea kitendawili kwa sauti ya chini, nisije nikamwita. "Nyumba yangu ina mlango mmoja na wapangaji wawili, hawaonani." Sikujua jibu lake ni nini, nilikuwa nimekitunga hapo hapo. Akakwaruza. Nikashika magoti. Akalia zaidi, kisha kidogo, kisha akanyamaza. Ule ukimya ulinitisha kuliko kilio. Nikafungua. Alikuwa ameketi, masikio yote mawili juu. Nikampa karoti baridi, akaipeleka kwenye ndara zangu akaitafuna kama mzee na mua.

Tulirudia hivyo mpaka nyonga ikalalamika. Mwisho ikawa sihitaji kwenda jikoni. Nikisimama tu, anaachia.

Jumapili wakaja. Mzee Zadock alipita mlangoni na viatu vyake miguuni. "Leo sivui, Mama Kiarie. Mungu anaelewa."

"Hata mimi naelewa," nikamwambia.

Tuliimba, akasimama kuomba, akafumba macho. Mkono wake mmoja ulishika Biblia, mwingine ulining'inia kando ya kiti. Mimi sikufumba. Nikamwona Chapo anatoka chini ya meza, ananusa ule mkono, anafungua mdomo na kukiingiza kidole chote ndani. Niseme "ai" katikati ya maombi? Nilisimama tu, polepole, nikashikilia kiti.

Chapo akaniangalia. Kidole kilikuwa bado mdomoni. Kisha akakiachia, akakilamba mara moja, akaketi kwa adabu. Mzee Zadock hakukosea hata neno moja. Nilipogeuka, nikaona Janice naye macho wazi.

Wageni walipoondoka, alimbeba Chapo akamweka mapajani, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Kiarie akasogea, naye akampa kidole. Kikalambwa.

"Haki huyu amebadilika," Janice akasema. "Haendi popote. Mum, kwani ulimfanyia nini?"

"Nilikuwa namwacha peke yake," nikasema. "Namfungia mlango mpaka anyamaze."

Kiarie aliinua macho kutoka kwa mbwa. Akanitazama pale nilipokuwa nimekaa, kwenye kiti cha mlangoni walichowekewa wageni, kisha akaangalia chini.

"Kumbe ni rahisi hivyo," Janice akasema, akimkuna Chapo shingoni.

Asubuhi yake walitoka kama kawaida. Janice aliinama mlangoni, akamwambia Chapo kwaheri, na lifti ikashuka. Niliketi kwenye kapeti, nikamnyooshea mkono. Akauchukua mdomoni taratibu, akaushika bila kuubana, na kunitazama kuona kama nitasimama.

"Uma," nikamwambia. "Kidogo tu."

Hakuuma.