Siku Zangu Arobaini za Uanaume

Mume wangu Mayala alifariki mwezi wa tano mwaka tisini na saba. Aliniachia nyumba ya matofali mabichi hapa Igoma, kuku kumi na mmoja, na kiwanda cha uhunzi nyuma ya nyumba. Kukiita kiwanda ni kumpa marehemu heshima yake tu. Lilikuwa banda la mabati manne, shimo la moto lililosiribwa udongo wa kichuguu, mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi ya kupulizia moto, nyundo tatu, koleo, na kipande cha reli cha kupondea chuma. Sitasema hiyo reli ilitoka wapi, kwa kuwa treni bado inapita.

Kiwanda alikianzisha baada ya kupunguzwa kazini. Miaka ile watu walikuwa wanapunguzwa kama miche ya mahindi. Wenzake wanane aliopunguzwa nao walifungua magenge ya nyanya, wote mtaa mmoja, wakawa wanauziana nyanya wenyewe kwa wenyewe. Mayala akasema yeye ni mtu wa ukoo wa wahunzi, nyanya za nini. Akafua majembe, visu, na nanga za mitumbwi kwa ajili ya watu wa Kirumba. Mgongo ulipomkataa, nyundo nikashika mimi. Yeye alikaa kwenye kigoda ndani ya banda, akikohoa kwa nguvu ili majirani wajue mwanaume yuko kazini. Siri hiyo ilidumu miaka miwili.

Siku ya tatu baada ya mazishi, ukoo ukakaa. Akasimama Masalu, mdogo wake marehemu. Masalu ana baiskeli mbili, na anatembea kwa miguu ili zisichakae. Mkewe alirudi kwao Magu kwa sababu bwana alikuwa anafungia chumvi kwenye sanduku.

"Vyombo vya kaka ni vya ukoo," akasema. "Nitavichukua mimi."

"Unajua kufua, shemeji?" nikamuuliza.

"Kufua kitu gani? Pale Mabatini kuna mtu wa vyuma chakavu, ana mzani mzuri kabisa."

Kumbe anataka kuviuza kwa kilo. Reli ile niliipiga miaka miwili, naijua mlio wake kuliko sauti za watoto wangu. Tena wanangu wenyewe ni wawili, wote wa kiume, wote wako migodini Mererani wanatafuta mawe, hawajapata hata la kufungia mlango.

Mzee Shimba, mkubwa wa ukoo, akafumba macho. Sheria za ukoo anazo kichwani, na akifumbua macho zinamtoka.

"Vyombo hufuata moto," akasema. "Mwanaume wa ukoo atakayewasha moto na kufua jembe mbele yetu kabla ya arobaini kwisha, vyombo ni vyake. Mwanamke hagusi nyundo. Mwanaume hagusi kuni. Mkaa wa moto huo haununuliwi, huchomwa na mwanamke wa nyumba. Anayevunja, faini ng'ombe dume."

"Mzee wangu," nikasema, "huyo mwanamke unayemkataza nyundo ni yupi?"

"Ni wewe."

"Mimi nina miaka sitini na sita. Kuzaa niliacha kabla ya vita vya Kagera. Ndevu ninazo tatu, hizi hapa kidevuni, ukinitazama juani utaziona. Masalu anazo ngapi?"

Wazee wote wakamgeukia Masalu. Masalu akajishika kidevu.

Mzee Shimba alifumba macho muda mrefu, tukadhani amelala. Halafu akasema, "Mwaka ule wazee wote walipokwenda Geita kwenye dhahabu, tulimhesabu mtoto wa miaka tisa kuwa mzee. Aliamua kesi mbili, na aliziamua vizuri. Basi. Kuanzia sasa Getruda ni mwanaume. Jembe likishindikana, atarudi kuwa mwanamke na vyombo vitatafutiwa mtu."

Masalu hakupinga. Alicheka hata akapiga magoti yake makofi. Ningejiuliza kwa nini, lakini nilikuwa na furaha ya kuwa mwanaume.

Furaha hiyo haikufika saa nne ya kesho yake. Mwenyekiti wa sungusungu aliniletea rungu na filimbi za ulinzi wa usiku. Mchana nikaitwa kuchimba kaburi la mtu nisiyemjua, na waliposikia nimechoka wakasema, "Ngosha, mwanaume hachoki, anapumzika." Ngosha ndiyo mwanaume kwa Kisukuma, na jina hilo likanishika kama utomvu. Watoto wa jirani wakanisalimia, "Shikamoo baba." Nikaenda kwa jirani yangu Tereza, rafiki wa miaka ishirini anayekaanga mapanki, yale mabaki ya samaki, na kuyauza, nikute angalau mtu wa kusengenya naye. Akanizuia mlangoni na mwiko.

"Jikoni kwangu haingii mwanaume," akasema.

"Tereza, ni mimi!"

"Ndiyo, nakuona. Mume wangu akirudi akukute humu atasema nini? Kaa huko uani, nitakuletea chai."

Alinipa chai uani, kwenye kikombe cha wageni.

Tanuri nalo lilikuwa limekufa. Wakati wa msiba mashangazi waliona shimo zuri la moto, wakapikia ugali wa watu mia humo, na udongo wote ukapasuka. Nikachimba kichuguu upya, nikachanganya na pumba za mpunga, nikasiriba. Ngozi za mivukuto nikazipaka mafuta ya sangara mpaka zikalainika. Siku kumi zikaenda. Kila kitu kikawa tayari, isipokuwa kitu cha kuwaka.

Nikachukua panga, nikapanda mlima ulio nyuma yetu kukata mgunga, ambao mkaa wake ni mgumu na unashika moto wa chuma. Sijamaliza gogo la kwanza, nikasikia mtu anakohoa. Masalu alikuwa amekaa juu ya jiwe. Pembeni yake amemketisha Mzee Shimba, ambaye bado alikuwa anahema kwa kupanda mlima.

"Shemeji Ngosha," Masalu akasema, "unafanya nini na hilo gogo?"

"Naliuliza habari za nyumbani."

"Mwanaume hagusi kuni," akasema Mzee Shimba.

"Basi achome mwanamke wa nyumba."

"Yuko wapi?"

"Si mimi hapa?"

"Wewe ni mwanaume. Nimekuhesabu mwenyewe."

"Nihesabu mwanamke asubuhi hii tu, mzee, mchana nirudi."

"Mtu si daladala," akasema, "kwenda na kurudi."

Ndipo nikaelewa kicheko cha Masalu. Nilikuwa nimepewa nyundo na kunyang'anywa moto kwa neno moja. Gogo la kwanza mzee alinisamehe, kwa kuwa lilikuwa bado limesimama nusu.

Nikashuka mlima nikiwaza. Sheria imesema kuni. Haikusema kila kinachowaka.

Ziwa mwaka ule lilikuwa limejaa gugumaji mpaka mitumbwi inakwama. Nikakodi mkokoteni, nikaleta uani, nikaanika wiki nzima. Nilipowasha, ulitoka moshi mweupe, mzito, wa kutambaa chini. Ukaingia kanisani kwa jirani katikati ya maombi. Mchungaji akatangaza kwamba kimeshuka kile walichokuwa wanakiomba, na watu watatu wakaokoka palepale. Chuma changu hakikupata hata joto la chai.

Nikajaribu vichwa na mifupa ya sangara, ile inayobaki viwandani minofu ikisafirishwa Ulaya. Tereza alinirushia magunia mawili juu ya uzio, maana kunikabidhi mkononi bado aliona si adabu. Nilikausha, nikapanga tanurini, nikavuta mivukuto. Jamani, moto ule! Mafuta yalinguruma. Kipande changu cha springi ya basi kikawa chekundu, nikaanza kupiga. Nikageuka nikakuta paka ishirini wamekaa mstari, wametulia kama watu wa mkutano. Nyuma ya paka walisimama watu na sahani.

"Mama," akasema mmoja, "samahani, baba. Unauzaje?"

Nikawaambia hiki ni kiwanda cha majembe. Wakasema hawana neno, watasubiri. Lakini moto wa samaki ni wa haraka, unapanda na kuzimika, hauna subira ya chuma. Nilipata kitu kilichofanana na mwiko uliokanyagwa na ng'ombe. Nikakiweka nje kipoe, mbwa akakichukua. Hakurudi nacho.

Zikabaki siku kumi.

Jumapili wazee walikuja kuniona kama mwanaume mwenzao, na Masalu akaja nao kutazama tanuri lililopoa. Nikawapa viti, nikawauliza habari za mvua. Halafu nikasema, kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa, "Mzee Shimba, nikishindwa, basi Masalu anabeba tu vyombo anaondoka?"

Mzee akafumba macho. "Nani kasema? Vyombo hufuata moto. Naye awashe, afue. Wakishindwa wote wawili, vyombo vinavuka kwenda kwa ndugu zetu wa Sengerema."

Masalu alikuwa amemweka kuku wangu mmoja magotini anampima uzito kwa mkono. Kuku akamponyoka.

"Sengerema?" akauliza.

"Sengerema," akasema mzee.

Tangu jioni hiyo hakuna aliyemwona Masalu. Siku ya pili yake niliona moshi mwembamba wa buluu ukipanda mlimani, moshi wa magogo yaliyofukiwa udongoni. Nikakaa kivulini, nikafunga mivukuto vizuri, nikasubiri. Tereza alinichungulia juu ya uzio.

"Ngosha, mbona umekaa? Oa basi, upate mtu wa kukuchomea mkaa."

"Nimeshaona mchumba," nikamjibu. "Namwacha akomae."

Siku ya arobaini ukoo ukajaa uani. Wali ulikuwa jikoni, wazee wako kwenye viti, nami niko bandani kama mwenye mali. Saa tano akatokea Masalu anasukuma baiskeli. Nyuma yake magunia mawili ya mkaa. Nyusi zote zilikuwa zimeungua, na viganja amevifunga kwa matambara.

"Huu hapa mkaa," akasema. "Sheria imetimizwa. Kuna mwanamke kauchoma. Nipisheni niwashe."

Wazee wakatazamana. Mwanamke gani, hakuna aliyeuliza, maana walikuwa na njaa. Niliona vyombo vyangu vinaelekea ama kwenye mzani ama Sengerema.

Nikasogea kwenye gunia. Nikachukua pande moja la mkaa, nikaligonga na kucha, likalia kama sahani ya udongo.

"Tereza! Njoo uone mkaa huu!"

Tereza akatoka jikoni, akaligonga na yeye. "Mungu wangu! Haujavunjika, haujawa majivu. Huyu mwanamke ni fundi. Mwanaume asingeweza."

"Asingeweza hata kidogo," nikasema. "Mwanaume angetuletea vumbi. Shemeji, tuambie ni nani, tumpe shukrani. Kuku wangu huyu jogoo ni wake."

Masalu akamtazama jogoo. Alikuwa jogoo mkubwa.

"Tena nitamtangaza mpaka Kisesa," akasema Tereza. "Huyo dada—"

"Dada gani!" Masalu akapasuka. "Siku sita nimelala porini peke yangu! Nimekata mwenyewe, nimefukia mwenyewe, nimeungua mwenyewe! Dada yupi aliyekuwepo?"

Wazee wakasahau wali. Hata jogoo alisimama.

Mzee Shimba akafumba macho. "Mkaa wa ukoo umechomwa," akasema polepole. "Mkaa wa ukoo huchomwa na mwanamke. Kwa hiyo ama sheria imevunjwa, ama hapa tuna mwanamke."

"Mzee," Masalu akasema, jasho likimtoka, "huyo ng'ombe wa faini ni wa ukubwa gani?"

"Dume lililokomaa."

Masalu akahesabu kitu kwa vidole vilivyofungwa. "Na kuwa mwanamke, kuna gharama?"

"Hakuna."

"Hata kidogo?"

"Getruda alipokuwa mwanaume alilipa nini? Ni kuhesabiwa tu."

"Basi," akasema Masalu, "nihesabuni."

Wakamhesabu. Nikauliza ni mwanamke wa nyumba ipi, nijue mkaa ni wa nani. Mzee akasema aliyekuja kudai vyombo vya nyumba hii ni mtu wa nyumba hii, na kwa kuwa ni mwanamke hagusi nyundo. Mimi na Masalu tukaendelea kuitana shemeji, kwa sababu tulipopiga hesabu ilirudi palepale.

Nikawasha. Mgunga hauna haraka. Ulishika taratibu, ukawa mwekundu, halafu wa machungwa, halafu ule weupe unaokufanya ufinye macho. Wazee wawili walivuta mivukuto wakipokezana na kulaumiana. Nikatoa motoni kipande kingine cha springi, nikakiweka juu ya reli, nikapiga. Mlio ukaenda mpaka barabara ya Musoma. Nilipiga nikageuza, nikarudisha motoni, nikapiga tena, na kitu kimoja tu kilikosekana bandani, kile kikohozi cha kwenye kigoda. Kwa hiyo kila nilipogeuza chuma nilikohoa kidogo mwenyewe.

Jembe lilitoka limepinda upande wa kushoto. Mzee Shimba alilipima kwa shubiri, akaligonga na fimbo, akasema mashamba mengi anayoyajua yamepinda upande huohuo. Akachukua nyundo, koleo na mivukuto, akavitaja kimoja kimoja mbele ya watu, akaniwekea miguuni. Reli hakuna aliyeweza kuinyanyua, akaielekezea fimbo tu.

"Vya Getruda," akasema. "Sasa tule."

Sisi wanaume tukakaa kwenye mkeka tukaletewa sinia. Masalu akataka kukaa, Mzee Shimba akamwonyesha kwa kidole mlango wa jiko. Akaenda ameinamisha kichwa, na mlango ukafungwa. Kwanza tukasikia sufuria zikigongana. Halafu kicheko kimoja. Halafu wanawake wote wakacheka kwa pamoja, na sauti ya Masalu ikasikika ikisema, "Mnasema kweli? Na yule wa Mabatini je?"

Jua lilipoanza kushuka wageni wakaanza kuaga. Mzee Shimba akatuma mtu amwite Masalu waondoke pamoja. Alitoka Tereza na mwiko mkononi, akasimama mlangoni.

"Mwacheni," akasema. "Habari ya mkewe wa Magu ndiyo kwanza tumeianza, na sufuria bado hajazisugua."