Mti Palipo na Jiko

Sinia la Bosi Tak lilirudi limefunikwa karatasi ngeni. Hicho ndicho kitu cha kwanza alichokiona Dallae, msichana aliyepeleka chakula cha jiko la Mama Mdogo. Mafundi wa kichochoro kile, wakishakula, huweka sinia nje ya mlango na kulifunika kwa gazeti la jana ili vumbi la chuma lisiingie kwenye vyombo. Gazeti hulowa mchuzi, likatupwa. Karatasi hii ilikuwa nzito na inateleza, na mchuzi wa kimchi, ile kabichi ya kuchachua yenye pilipili, ulikuwa umekaa juu yake kama tone kwenye jani.

Akaipangusa kwa aproni. Ilikuwa picha ya kichochoro chao. Dallae aliacha shule mapema na kusoma kulimpa taabu, lakini kona ile aliijua hata gizani. Pichani walijaa watu warembo wenye vikombe vya kahawa mkononi. Na pale palipo na jiko la Mama Mdogo, palichorwa mti.

Hakumwonyesha Mama Mdogo. Alirudi kwa Bosi Tak, akasimama mlangoni mpaka mzee alipozima mashine yake ya kukereza vyuma.

"Nini tena, Dallae? Umesahau kijiko?"

Akamnyooshea karatasi.

"Aa, hiyo! Wamepita kuigawa. Wanaufufua mtaa wa kati, watu waje kukaa na kufanya biashara."

"Wanaufufua?" akadakia Bosi Nam, jirani aliyekuwa akipaka vyuma nikeli ili ving'ae. "Kwani sisi tulikufa lini?"

"Wewe bado, ila mapafu yako yameshatangulia."

Wakacheka mpaka Bosi Nam akakohoa. Bosi Tak akaitazama ile picha tena, akagonga kidole penye karakana yake. "Nyinyi mmekuwa mti. Mimi nimekuwa benchi. Afadhali yangu, nitakaliwa na wasichana."

Mama Mdogo hakuwa ndugu wa mtu pale. Ndivyo wateja wanavyomwita kila mama mwenye jiko mjini Seoul, naye jina lake halisi wengi hawakulijua. Yeye na Dallae walilala darini, juu ya jiko, kwa ngazi iliyofichwa nyuma ya magunia ya mchele. Ilikuwa marufuku. Majengo yale yaliruhusiwa kazi tu, na wakaguzi wa moto waliwahi kuyatupa nje magodoro ya jirani mmoja mvua ikinyesha. Tangu siku hiyo kichochoro kizima kilijifunza jibu moja: hapa halali mtu. Hata Bosi Tak, aliyefiwa na mkewe, alilala nyuma ya mashine yake, na alfajiri alinawa uso na kuvaa koti kabla ya kufungua mlango, aonekane ndiyo kwanza anafika.

Baridi ilipoanza akaja kijana aitwaye Gi, wa kampuni iliyopewa kazi ya kuufufua mtaa. Alibeba sahani ya keki za mchele zenye maharage mekundu, bado zinafuka moshi, kama afanyavyo kila jirani mpya. Mama Mdogo alifurahi mno. Gi alikula supu, akaomba ya pili, akaisifu. Kisha, akijifuta mdomo, akauliza, "Mama Mdogo, nyinyi mnakaa hapa hapa?"

Mkono wa Mama Mdogo haukuacha kukoroga. "Hapa? Na moshi huu? Tunapika, tunafunga, tunaenda zetu nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Ng'ambo ya mto."

Gi akamtazama Dallae. Dallae akaitazama sufuria.

Sahani ya Gi ilirudishwa imejaa kimchi, maana sahani ya jirani hairudi tupu.

Theluji ilipoyeyuka, Bosi Nam akaleta habari: waliokuwa wakiishi mtaani wangepewa vyumba katika jengo jipya, kwa kodi nafuu. Na katika orodha ya kampuni, kichochoroni kwao hakuonekana hata mtu mmoja aliyeishi.

"Tumejifuta wenyewe," akasema. "Kwa midomo yetu."

Mama Mdogo alivaa koti lake la misibani, akaenda ofisini kwa kampuni. Alirudi mapema, akavaa aproni.

"Gi alinikaribisha kahawa," akasema. "Ananiambia, Mama Mdogo, si ulisema mwenyewe?"

Akarudi kwenye sufuria yake.

Mashine ya Bosi Tak ilinunuliwa kama chuma chakavu, ikang'olewa, yakabaki mashimo sakafuni. Mwenyewe alionekana akilala kwenye sauna, bafu la umma linalokesha wazi, karibu na stesheni, kisha hakuonekana tena. Karakana zilifungwa moja moja. Mnara wa masinia kichwani, uliokuwa ukimlazimu Dallae kupiga magoti kila mlango ili kuyatua, ulipungua, hadi likabaki sinia moja, la Bosi Nam.

Ndilo alilokuwa amebeba kichwani siku alipokuta kichochoro kimezibwa na wageni waliokuja kuangalia vyumba. Gi alikuwa mbele yao. Mama Mdogo alikuwa mlangoni akimenya vitunguu saumu.

"Usiku hapa palikuwa kimya kama makaburini," Gi alikuwa akiwaeleza. "Hakuna aliyeishi. Nyinyi ndio mtakuwa wa kwanza."

"Jamani, bado wanabeba kichwani!" mwanamke mmoja akainua simu. "Dada, samahani, simama hivyo hivyo."

Dallae akasimama. Mama Mdogo aliinua macho, akatikisa kichwa kidogo, kwa ile hofu ya zamani. Dallae angetaka kuinamisha uso kama kawaida yake, lakini mwenye sinia kichwani hainami.

"Tunaishi hapa," akasema.

"Unasemaje, dada?" Gi akamsogelea, bado akitabasamu.

"Tunaishi hapa. Mimi na Mama Mdogo. Tunalala pale juu, kwenye dirisha lile lenye gunia. Na Bosi Tak alikuwa akilala pale, nyuma ya mashine yake. Sote tulikuwa tukilala hapa."