Mbavu Nzima

Muuguzi alikuwa ametumikia wodi ya wanaume miaka kumi na tisa kabla ya kuhamishiwa kwa watoto, na mbavu alizijua. Waashi walioanguka, madereva waliobanwa na usukani, wote walipita mikononi mwake, wakampachika jina la Mama Mbavu. Basi fundi wa kuchomelea alipoingia mbio na binti yake wa miaka minne, Mama Mbavu alizipapasa mbavu za mtoto moja moja, akatabasamu.

"Mzima huyu, baba. Hakuna hata ubavu mmoja uliovunjika. Mpeleke nyumbani."

Yule baba akajibwaga kwenye benchi. Geti lililomwangukia mtoto kifuani alilitengeneza mwenyewe. Bawaba yake aliijua mbovu tangu juzi, akawa anasema kesho, kesho.

"Sista, umeniponya mimi," alisema, akambeba mwanawe wakatoka.

Mama Mbavu akaanza kujaza fomu. Alipofika penye idadi ya pumzi kwa dakika, kalamu ikasita. Hakuwa amehesabu. Tena, sasa ndipo alipokumbuka, tundu za pua za yule mtoto zilikuwa zikitanuka kila alipovuta hewa. Mbavu za mtoto ni laini bado: hupinda, zikarudi mahali pake, na kishindo chote kikaishia kwenye pafu. Alielezwa hayo wiki ya kwanza ya kuhamia kwa watoto, yakaingia sikio hili yakatokea lile. Ujuaji mwingi mbele giza!

Alivua viatu akatoka mbio, akawakuta langoni.

"Rudi, baba."

"Si umesema mzima?"

"Nilisema. Nimekosea. Mrudishe."

Akahesabu palepale: pumzi hamsini na mbili kwa dakika, nyingi mno. Punde mtoto alikuwa kitandani na oksijeni puani, daktari akiitazama picha ya kifua. Mbavu safi; pafu la kushoto limevilia damu. Kwa kuwa amewahiwa, daktari alisema, atapona.

Baba alisimama kando ya kitanda, uso umemshuka. "Kwa hiyo ni geti langu."

Mama Mbavu alitamani sana kumwambia hapana. Lakini neno tamu alikwisha kumpa mara moja leo, na nusura limuue mtoto.

"Ni geti lako," alisema taratibu. "Na mimi nusura nimmalize. Mshike mkono, nimhesabie pumzi tena."