Samli ya Namba Nne

Rebeccah alimbana sungura namba nne katikati ya magoti, akaanza kumfungua bendeji. Kitambaa kilikuwa kimegandamana na mgongo. Alipokivuta kilikuja na utando mweupe, na chini yake nyama ikaonekana, nyekundu, ikitoa majimaji. Harufu ilikuwa ya sabuni ya maua na kidonda kwa pamoja. Siku ya kwanza harufu hiyo ilimtapisha. Leo, siku ya tatu, alimeza mate tu akaendelea na kazi.

Lynn, msichana wa maabara, aliinama akatazama bila kugusa, ingawa mikononi alikuwa na glavu za bluu.

"Wekundu, nne. Uvimbe, tatu," alisema, akaandika kwenye fomu.

Kipimo kinaanzia sifuri na kuishia nne. Kwa wekundu, basi, namba nne alikuwa amepata maksi zote.

Kiwanda kilikuwa nyuma ya stoo za mahindi pale Sotik. Kilitengeneza sabuni ya unga, na kwenye pakiti pana picha ya mkono laini wa mama umemshika mtoto mchanga. Maduka makubwa yalikataa kuipokea mpaka yaone cheti kwamba haiunguzi ngozi. Ndiyo maana sungura sita walinyolewa mgongo, wakapakwa uji wa sabuni, wakafungwa bendeji saa nne nzima, kila siku kwa siku tatu. Aliyewanyoa ni Rebeccah. Aliyewapaka na kuwafungua ni yeye, na jioni aliosha vizimba vyao kwa sabuni ile ile, mikono mitupu.

Alichuma majani chai miaka kumi na tano, mpaka mashine za kuchuma zilipoingia shambani na akina mama wakaambiwa asanteni. Utomvu wa chai uliitia mikono yake weusi, lakini ilikuwa mizima. Sasa ilikuwa imebambuka kuanzia ncha za vidole mpaka kwenye viganja, na katikati ya vidole pamepasuka. Kukanda tonge la ugali kulimtoa machozi, akawa anakula kwa kijiko nyumbani kwake mwenyewe, kama mgeni. Aliwahi kuomba glavu. Danson, mwenye kiwanda, alimjibu kwamba glavu ni za watu wanaopima, na yeye kazi yake ni kuosha.

Tumaini alilipata kwa Lynn. Msichana alimwambia kwamba sungura wakiungua, sabuni itakataliwa, na Danson atalazimika kupunguza dawa kali iliyomo ndani yake. Tangu hapo Rebeccah aliomba kanisani sungura waungue. Aliona aibu kumwomba Mungu vidonda, lakini aliomba.

Baada ya siku ya tatu Lynn hakuja tena na fomu. Rebeccah akajua mtihani umekwisha na maksi zimeandikwa. Wanyama wakabaki na mateso yao. Namba nne aliacha kula, akawa anasaga meno pembeni mwa kizimba. Huko Boito alikozaliwa, aliyeungua hupakwa samli ya ng'ombe, na hakuna anayeuliza kwanza kama ni mtu au ndama. Mama yake alikuwa amemletea chupa nzima kwa ajili ya mikono. Kwake haikusaidia kitu, maana kila kukicha mikono ilirudi kwenye sabuni. Akawapaka sungura asubuhi na jioni. Siku ya tano vidonda vilikauka, na siku ya kumi manyoya yakaanza kuota.

Siku ya kumi na nne Lynn alikuja na fomu, na Danson nyuma yake. Msichana alipitisha kidole cha glavu juu ya mgongo wa namba nne.

"Sifuri," alisema. "Wote sifuri. Imepita."

Rebeccah aliuliza imepitaje, na maksi za siku zile ziko wapi. Lynn akamweleza kwamba siku ya kumi na nne ndiyo inayohukumu. Kidonda kikibaki, sabuni imeanguka. Kikipona chenyewe, basi ulikuwa muwasho tu.

"Hawakupona wenyewe," alisema Rebeccah. "Ni mimi niliwapaka samli."

Lynn alishusha kalamu. "Bosi, hii test imeharibika. Inafaa turudie."

Danson hakukasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyeokota kitu njiani.

"Hiyo fomu inauliza kama walipakwa samli?"

Lynn aliitazama fomu kwa muda. Mkataba wake wa miezi mitatu ulikuwa unaisha Ijumaa.

"Haiulizi," alisema.

"Basi."

Rebeccah akanyoosha mikono yote miwili mbele ya Danson, viganja juu. "Na hii, bosi? Hii haijapona."

Danson aliangalia mara moja, akageuza uso, kama mtu aliyeona matapishi mlangoni pake.

"Fomu ni ya sungura, mama."

Kilichobaki kilikuwa alama ya kidole cha mlishaji wa sungura, yaani Rebeccah, kushuhudia kwamba wanyama hawakuguswa. Rebeccah alirudi nyuma. Danson alimkumbusha, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba pale getini kuna akina mama wanne wanaosubiri kazi. Akasukuma kidau cha wino.

Rebeccah aliweka kidole gumba. Kwenye karatasi kikatoka kidoa cheusi, hakina mstari hata mmoja. Akarudia. Kidoa. Mara ya tatu Danson alimshika kidole, akakikandamiza mwenyewe mpaka ufa ukafunguka, na karatasi ikapata wino na damu.

Danson alisonya. Alichukua fomu nyingine, Lynn akanakili sifuri zote, naye Danson akabonyeza kidole chake kando ya jina la Rebeccah Chepkemoi. Mistari ilitoka vizuri, duara ndani ya duara.

"Hiyo samli imebaki?" aliuliza akiwa mlangoni. "Jumatatu tunaanza ile ya kusafisha choo."

Rebeccah alikwenda kwenye karai kuosha wino. Maji matupu hayakuutoa. Kando ya karai kulikuwa na sabuni moja tu.