Mashimo ya Kituo cha Saba

Kanda ilikuwa ya Kiingereza, na mama hajui Kiingereza. Hapo ndipo nilipoanza kukasirika, saa mbili asubuhi, langoni mwa Mbuga ya Yumbani, hata kabla hatujaona swala mmoja.

"Niko na ya Kiingereza na ya Kijerumani," alisema karani wa lango, mzee wa miwani aliyeitwa Ramzi. "Unaweka kwa redio, unaendesha pole pole. Ukiona jiwe liko na namba, unasimama, unasikiza. Ikilia kengele, unazima, unaenda mpaka namba ingine. Hakuna haja ya kulipa mtu wa kukuonyesha njia."

"Na ya Kiswahili?"

"Hakuna mtu ameuliza, madam."

"Si mimi nauliza?"

Alinitazama juu ya miwani, akachukua kitambulisho changu na kukifungia kwenye droo kuwa dhamana ya kanda. Akaniambia turudi kabla ya saa kumi na mbili jioni, na tusishuke garini isipokuwa pale kanda inapotuambia tunaweza kushuka.

Mambo ya kanda nayajua. Nina kibanda nyuma ya soko la Machakos ambapo nanakili kwaya, harusi na mazishi, na huo mwaka wa 2001 biashara ilikuwa bado nzuri. Gari nililiazima kwa jirani yangu Kang'ethe, muuza saruji, Peugeot iliyokuwa na kila kitu isipokuwa redio. Kwa hiyo nilibeba redio kaseti yangu ya kazi, na maikrofoni yake na betri nane mpya, nikampakatisha mama. Ndivyo tulivyoingia mbugani, yeye akiwa ameikumbatia redio kwa mikono miwili.

Mama yangu, Kalekye, ambaye kwa Kikamba chetu namwita Mwaitu, yaani mama, alikuwa ametoka kwake Masii juzi yake. Daktari alikuwa amempima macho akasema ni presha ya macho, imeshakula sehemu kubwa, na Krismasi haitafika akiwa bado anaona. Nilidhani angelia. Badala yake aliniambia, "Basi nipeleke Yumbani kabla hayajazima. Nataka kuona mahali mama yangu alilala."

Mama alizaliwa humo, kabla hapajaitwa mbuga. Alikuwa na miaka minane serikali ya wakoloni ilipowaambia watu wahame, na mama yake alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia, mbele ya nyumba, karibu na mwamba ambao wanawake wa pale walikuwa wakisagia nafaka. Miaka zaidi ya hamsini hakuna mtu wa kwetu aliyerudi. Nani angelipa kiingilio akaangalie kaburi?

Tulisimama kwenye jiwe lenye namba moja, nikabonyeza. Ikatoka sauti ya mwanamume wa Kizungu, ya taratibu, sauti ya mtu aliyeshiba. Akasema tunaingia katika nchi kame ambayo haijawahi kukaliwa na binadamu, nchi ambayo iko vile ilivyoumbwa. Alizungumza dakika tatu nzima. Kengele ikalia.

"Amesema nini?" mama akauliza.

"Anatukaribisha."

"Maneno yote hayo ni karibu tu?"

"Wazungu wana heshima sana, Mwaitu."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kumdanganya mama yangu. Nilijiambia nitamweleza baadaye, tukishapata mahali penyewe. Moyoni nilikuwa naona aibu, kana kwamba mimi ndiye niliyesema yale maneno.

Shida ya pili ilikuwa majina. Kanda ilikuwa na Kona ya Ndovu, Kilima cha Kapteni, Bonde la Ukimya. Mama hakujua hata moja. Yeye alikuwa na majina yake, na hayo hayakuwa kwenye ramani niliyopewa. Kila kituo nilimtafsiria na kila kituo alitikisa kichwa, halafu akauliza maswali ambayo mzungu wa kanda hakuyafikiria. Udongo ni mwekundu au umeanza kuwa mweupe? Mto uko upande gani? Miiba ni ya ile mirefu, au ile ya kushika nguo? Nilimjibu kadiri nilivyoweza. Mbele yetu kulikuwa na vumbi, vichaka vikavu na joto lililofanya barabara icheze, na mbuni watatu waliotutazama kama wenye shamba.

Kufika saa saba tulikuwa kwenye kituo cha tano. Injini ilikuwa imechemka mara mbili, maji tuliyobeba ya kunywa yalikuwa yameenda kwenye rejeta, na mimi nilikuwa nimechoka kutafsiri habari za mchwa. Mama akaniambia nirudi nyuma, kwamba tumepita mahali udongo ulipobadilika. Nikageuza gari. Hakukuwa na kitu. Akaniambia tena nigeuze.

"Mwaitu, ulikuwa mtoto," nikamwambia, na sauti ilinitoka vibaya. "Miaka hamsini! Pengine si hapa. Pengine unakumbuka mahali pengine."

Mama alifungua ncha ya leso yake, akaifunga tena. Humo ndani alikuwa na kitu kidogo alichofunga tangu nyumbani, na mimi nilidhani ni njugu za njiani.

"Macho ndiyo yanakufa, Ndunge," akasema. "Kichwa bado."

Nilitamani ardhi inimeze. Niliwasha gari, tukaenda. Cha sita kilikuwa cha twiga na hakikuwa na la maana. Kutoka hapo ni kilomita kumi na tisa hadi cha saba, nacho ndicho cha mwisho kabla barabara haijapinda kurudi langoni. Tulifika karibu saa tisa na nusu. Kama hapakuwa hapo, basi.

Jiwe la namba saba lilikuwa mbele ya mwamba mpana, mwekundu, uliolala chini. Nikabonyeza. Mzungu akasema hapa tunaruhusiwa kushuka, lakini tusivuke mawe yaliyopakwa chokaa. Akasema tutazame juu ya mwamba, tutaona mashimo kumi na moja marefu yaliyo laini kama ndani ya bakuli. Ni kazi ya upepo na mvua, akasema, kwa maelfu ya miaka, mchanga ukizungushwa na kuzungushwa hadi jiwe likaisha.

Nilitafsiri mpaka kwenye mashimo. Mama akanishika mkono kabla sijafika kwenye upepo.

"Mangapi?"

"Kumi na moja."

"Hakusema lile dogo?"

"Dogo lipi?"

Alikuwa tayari anatafuta kitasa cha mlango. Nilizima redio, nikazunguka mbio, nikamshika mkono hadi kwenye mwamba. Hapo alinisukuma. Akapiga magoti, mwanamke wa miaka sitini na kitu, akaanza kutambaa juu ya jiwe la moto huku akipapasa kwa viganja. Shimo la kwanza alilipita. La pili alilipita. Alikuwa akitaja majina ya wanawake kwa sauti ya chini, jina moja kwa kila shimo. Hapo nilianza kuelewa: kila shimo lilikuwa na mwanamke aliyesagia humo.

Kwenye shimo la tisa alitulia. Lilikuwa refu kuliko mengine, upande mmoja umelika zaidi, maana mwenye shimo hilo, mama yake mama, alitumia mkono wa kushoto. Mama aliingiza mkono wote humo. Kisha akapapasa pembeni yake, shubiri moja, mbili, na vidole vikaingia kwenye kishimo ambacho mimi mwenye macho sikuwa nimekiona. Kilitosha kikombe cha chai.

"Hiki ni changu," alisema. "Mama alinianzishia nikiwa na miaka mitano, nicheze akisaga. Kila siku kidogo."

Kisha akalia. Mimi pia nililia, sina haja ya kuficha. Kaburi lenyewe halikuwa na alama yoyote, kipande cha ardhi kati ya mwamba na mawe ya chokaa, chenye nyasi kavu. Mama alikigeukia, akakitazama na yale macho yake yaliyobaki, muda mrefu. Sijui aliona nini. Aliniambia aliona vya kutosha.

Halafu alifungua ncha ya leso. Yalikuwa mawele. Aliokota jiwe la mviringo linalojaa kiganja, akamimina mawele kwenye shimo la mama yake, akaanza kusaga. Mgongo wake ulienda mbele na nyuma, na mlio ukatoka, ule mlio mzito wa jiwe juu ya jiwe ambao nilikuwa sijausikia tangu mashine ya kusaga, posho mill, ije Masii.

"Kanda imesema ni nani alichimba haya mashimo?" aliuliza bila kuacha kusaga.

Ningeweza kumdanganya tena. Nilichoka.

"Imesema ni upepo na mvua."

Mkono ulisimama. "Upepo?"

"Ndiyo."

Mama akacheka, kicheko kikavu. "Upepo! Mgongo wa mama yangu ndio unaitwa upepo siku hizi?" Kisha kicheko kikaisha. "Na ile ya asubuhi, ya karibu. Ilisema nini?"

"Kwamba hapajawahi kukaa mtu."

Alikaa kitako juu ya mwamba. Nilingoja anigombeze kwa kumficha ukweli, na ningestahili. Nilikumbuka mwaka fulani nilipofuta kwa bahati mbaya mahubiri ya pasta wake, nikarekodi muziki wa benga juu yake. Mama hakunisemesha siku tatu. Aliniambia kufuta sauti ya mtu ni dhambi, hata kama umefuta bila kujua.

"Ndunge," akasema sasa. "Huyo mzungu. Unaweza kumfuta?"

Nilifikiri sikusikia vizuri. "Mwaitu, hiyo kanda ni ya serikali. Kitambulisho changu kiko kwa droo yao."

"Sijauliza ni ya nani. Nauliza unaweza?"

Mtu yeyote wa kazi yangu anaweza. Kanda za kununua huwa zimevunjwa vile vipembe viwili vya juu ili usirekodi juu yake, na dawa yake ni kipande cha karatasi kwenye tundu. Nilichana pembe ya ramani yao, nikaikunja, nikaziba. Nilirudisha kanda hadi mwanzo wa kituo cha saba, nikapima: dakika mbili na sekunde hamsini hadi kwenye kengele. Kengele isiguswe, watu wasipotee. Nilimwacha mzungu aseme karibuni, mnaweza kushuka, msivuke mawe ya chokaa. Pale alipovuta pumzi aseme habari za mashimo, nilibonyeza vile vidude viwili vya kurekodi kwa pamoja, nikamsogezea mama maikrofoni.

Alizungumza Kikamba. Mama alikuwa hajawahi kushika maikrofoni maishani mwake, lakini hakutetemeka.

"Mimi ni Kalekye. Nilizaliwa hapa. Haya mashimo yalichimbwa na wanawake, wakisaga mawele ya watoto wao." Akawataja wote kumi na mmoja, kuanzia upande wa barabara. "Hili la tisa ni la mama yangu, Syombua. Amelala hapo nyuma yenu, tafadhali msimkanyage. Lile dogo ni langu. Sasa sikizeni."

Akaweka maikrofoni chini, akashika jiwe na kusaga. Nilitazama saa na nikamwacha asage hadi sekunde za mwisho, kisha nikazima. Tulisikiliza mara moja kuhakikisha. Sauti ilikuwa safi, na jiwe lilisikika vizuri kuliko kwaya nyingi nilizowahi kurekodi. Kengele ilikuwa mahali pake.

Mama alikusanya unga kidogo uliopatikana, akaumwaga penye nyasi kavu. Sikumuuliza kwa nini, wala sikumkumbusha kwamba yeye ni mama wa kanisa.

Tulifika langoni saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Nilikuwa nimeitoa karatasi kwenye tundu njiani. Ramzi aliipokea kanda, akaigeuza huku na huku. Aliingiza kalamu ya biki kwenye tundu lenye meno la kanda na kukaza utepe uliolegea. Nilihesabu kila mzunguko.

"Hakuna mahali imekwama?" aliuliza.

"Hakuna."

"Huyu mama amefurahi?"

"Amefurahi sana," nikasema. Hapo sikudanganya.

Alinirudishia kitambulisho. Nyuma yetu lilikuwa limefika gari la watalii waliokuwa wanakwenda kulala kambini humo ndani, mume na mke wazee, kofia kubwa, uso mwekundu kwa jua. Walitaka kanda ili waanze mapema asubuhi. Ramzi akafungua kisanduku, akawapa ile ile niliyorudisha.

Mama alikuwa amegeuza uso upande ule. "Wanaenda nayo?"

"Wanaenda nayo, Mwaitu."

"Waambie wasiruke ya saba."

Nilitoa kichwa dirishani, nikawaambia kwa Kiingereza changu cha shule kwamba kituo cha saba ndicho kizuri kuliko vyote, wazime injini ndipo wasikilize. Walinishukuru kwa adabu, na yule mke akaandika namba saba kwenye kiganja chake. Nikawasha Peugeot ya Kang'ethe tukashika njia. Mama alifumba macho. Kwenye kucha zake kulikuwa bado na unga mweupe, na alikuwa ameikunja mikono asije akaupangusa.

"Kesho," akasema, "mama atapata wageni."